Nusu Bao ya Bi Kazija

Wapo wanaosema nchi ya Mkabala haipo popote, na wapo waliokwisha kuilipia ada. Vuai wa Makunduchi alikuwa katika kundi la kwanza mpaka siku alipofungwa bao mara mbili mfululizo mbele ya mashemeji zake. Alikasirika, akainuka barazani bila kuaga, akashika njia ya mashambani huku anabishana peke yake. Hasira zilipompoa akakuta njia si ile aliyoanza nayo. Iligeukaje? Hajawahi kueleza, na mtu akimuuliza yeye huulizia bei ya samaki.

Nchi yenyewe ilikuwa imelala ndani ya ukungu. Jua lilikaa chini, upande mmoja, rangi yake ya chai ya maziwa, wala halikuonyesha haraka ya kuchwa. Nyumba zilipangwa kwenye matuta ya mlima, moja juu ya nyingine, na kila nyumba ilikuwa na mizinga ya nyuki, hata hewa yote ikawa inavuma polepole na mtu akisimama kidogo tu anajisikia kusinzia. Juu kabisa, pale ukungu ulipoishia, palikuwa na jengo refu la madirisha mengi yanayong'aa. Hilo waliliita Karakana Kuu.

Watu wa kwanza aliowakuta walikuwa mzee na mkewe, wamekaa kwenye ukumbi mmoja wamepeana migongo. Kila mmoja alikuwa na kipande cha bao mapajani: safu mbili tu za vishimo, badala ya nne. Vuai ni mchezaji, hawezi kuona bao akapita. Akawaamkia, akauliza wanangoja nini.

"Tunangoja tarishi," akasema mzee. "Mimi nimekwisha kucheza. Sasa zamu yake."

"Zamu ya nani?"

"Ya mke wangu, huyu hapa nyuma."

Tarishi akaja, mtu mwenye mkoba na kofia ya buluu. Akachukua kete alizopewa na mzee, akasikiliza mchezo uliochezwa, akapanda mlima taratibu mpaka Karakana Kuu. Huko, Vuai alielezwa baadaye, mchezo hugongwa muhuri. Kisha akateremka mlima uleule, akaja kumkabidhi bibi, hatua moja tu kutoka alipoanzia. Bibi akapokea, akatazama, akaguna. Vuai alicheka mpaka akakaa chini, lakini wale wazee hawakucheka, na bibi akamwambia mumewe bila kugeuka kwamba wageni wa siku hizi hawana malezi.

Mwenyeji wake alikuwa Bi Kazija, mjane mwembamba mwenye sauti kavu, mtu asiyependa kurudia maneno. Alimpa Vuai mkeka na kikombe cha maji ya moto yasiyo na kitu, akaomba radhi kwamba asali hakuna. Vuai alishangaa, maana uani palikuwa na mizinga mingi, lakini akanywa maji yake.

Ndiye aliyemfahamisha mambo ya nchi. Karakana Kuu huuza nusu bao, na huiuza rahisi mno, chini ya bei ya ubao wenyewe. Nusu hiyo ni yako, utazikwa nayo ukitaka. Nusu nyingine anayo mtu mwingine mahali pengine, na kumfikia mtu huyo ndiko kunakolipiwa: kibuyu cha asali kila mwezi unapoandama.

"Na asiyelipa?" akauliza Vuai.

"Anacheza peke yake. Anajipangia kete, anajizungushia, anajipongeza."

"Lo! Hilo si bao."

"Karakana wanasema ni bao. Limeandikwa hivyo ubavuni."

Nyuma ya nyumba alimwonyesha kibanda kilichojaa vitu hadi darini: tiara za kila rangi, ngoma, mipira, bembea iliyokunjwa, vyote vipya, vyote vimefunikwa kanga kuukuu. Hizo, alisema, ni zawadi za Karakana kwa walipaji wake wema, huja mbili kila mwezi.

"Unazichezea lini?"

"Nazifuta vumbi tu. Siku nikiacha kulipa watakuja kuzichukua."

"Basi si zawadi hizo, bibi wee."

"Sema taratibu," akasema Bi Kazija, akafunga mlango wa kibanda.

Vuai akamuuliza lile lililokuwa likimwasha tangu alipofika: kwa nini watu wawili wenye nusu mbili wasikae pamoja, wakaziunganisha, wakacheza? Bi Kazija aliinamisha macho kama mwari aliyetaniwa. "Ukamtazame mtu usoni wakati anashindwa? Uone midomo inavyomtetemeka? Huko kwenu hamna haya?" Vuai alikumbuka vicheko vya mashemeji zake, akaona pengine wana hoja.

Bi Kazija alikuwa akicheza na mtu wa Bonde la Pili. Hakumjua jina, hakumjua kama ni mume au mke, kwa sababu matarishi hupeleka mchezo tu, maneno mengine ni marufuku. Lakini kwa miaka mingi alikuwa ameusoma mkono wake. Aliujua ukiwa na haraka, na ukiwa umechoka, na ukiwa unatania. "Mwaka aliofariki mume wangu nilicheza hovyo kabisa," alisema. "Nyumba yangu, lile shimo kuu la bao, ilikaa wazi, kete zimejaa, mtoto mdogo angeiona. Yule mtu akaipita, akaila kete moja ya pembeni. Kesho yake akaipita tena. Nikajua kule kuna mtu."

Kisha akasema kwa sauti ileile kavu kwamba ada imepanda. Sasa vinatakiwa vibuyu viwili, na nyuki wake wamehama. Mizinga yote ile uani ilikuwa mitupu. Mwezi ukiandama kesho hana hata nusu ya kibuyu, basi tarishi hatokuja tena, na mchezo wake utafagiwa.

"Utaanza mwingine," Vuai akajaribu kumfariji.

"Na nani?"

Vuai akatoka uani, akachungulia mizinga mitupu mmoja mmoja.

Kesho yake Karakana ilifungua ukumbi wake kusikiliza manung'uniko, maana kupanda kwa ada kuliwaudhi wengi. Watu walipanda mlima kwenye ukungu, kila mmoja na nusu bao yake kwapani, na Vuai akafuatana na Bi Kazija. Ukumbini waliketi safu kwa safu wakitazama mgongo wa aliye mbele. Aliyewapokea alikuwa Msemaji wa Karakana, Bwana Ghalib, mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza watoto walale. Vuai alikuwa amejitayarisha kumchukia, ikawa kazi.

"Ndugu zangu," alisema Bwana Ghalib, "bao tunawauzia kwa hasara. Nani kati yenu amewahi kuuliza hasara hiyo anaibeba nani? Njia zinamomonyoka, madaraja yanaoza, tarishi ana tumbo kama ninyi. Kabla ya ada mnakumbuka ilivyokuwa? Michezo ilipotea njiani. Walevi waliokota kete zenu wakazitafuna wakidhani karanga. Leo mchezo unafika. Hiki kibuyu mnachokilalamikia ndicho kinachoufikisha."

Watu wakatikisa vichwa, na Vuai naye alijikuta anatikisa. Akasimama seremala mmoja mwenye hasira.

"Mimi bao langu nimelinunua," akasema. "Nimelinunua! Sasa nusu bao bila mwenzangu ni nini? Ni kigogo chenye matundu. Mmeniuzia mlango, halafu kila mwezi mnaniuzia kitasa. Na kule Ng'ambo, nyuma ya mlima, watu wanachezea bao lao zima na hawalipi kitu!"

"Bao la Ng'ambo ni ghali," akajibu Bwana Ghalib kwa upole, "na linataka mtu ajiundie mwenyewe. Pia wanaibiana kete."

"Sisi hatuibiani?"

"Mnaibiana, lakini kwa utaratibu."

Bwana mmoja wa kanzu ya hariri akaomba nafasi. Yeye aliona ada bado ni ndogo. Ingefaa ipande hadi vibuyu vitano, maana siku hizi unaweza kujikuta unacheza na mtu wa aina yoyote ile. Alipigiwa makofi na watu ambao, Vuai alivyowatazama, hata vibuyu viwili visingewatoka bila kukopa. Pale ndipo uvumilivu ulipomwishia mgeni wetu. Alisimama bila kuitwa, akakohoa, akasema kwamba yeye ni mtu wa kupita tu, lakini ameona mume na mke waliopeana migongo wanasumbua mtu mzima apande mlima na kushuka. Njia za mbali zilipiwe, sawa, nani anakataa? Lakini walio jirani si wageuke tu?

Ukumbi ukalipuka. Kina mama walifunika nyuso kwa kanga, na mtu mmoja aliuliza kwa ukali mgeni huyu kaletwa na nani. Bwana Ghalib akainua mkono kuwatuliza.

"Tumwie radhi, hajui. Lakini tuwe wakweli, ndugu zangu. Hakuna sheria inayokataza watu kugeuka. Karakana haijawahi kuiweka. Haijawahi kuhitajika."

Hilo liliwaudhi watu kuliko maneno ya Vuai. Walitaka iwepo sheria, na papo hapo wakaanza kuidai. Wakati wanadai, Bi Kazija alisimama. Alisimama kwa shida, nusu bao yake ameikumbatia kifuani.

"Mimi siombi kusamehewa ada," alisema. "Naomba mnivumilie mwezi huu mmoja, nitafute nyuki wengine. Mchezo wangu msiufagie. Nacheza na mtu wa Bonde la Pili, na tumefika pazuri."

Bwana Ghalib alimtazama kwa huruma ya kweli, akamwinamia karani wake, wakanong'ona. Aliporudisha uso alikuwa amepunguza sauti zaidi.

"Bonde la Pili, mama? Njia ile tuliifunga zamani. Watu wa kule waliacha kulipa, wote. Daraja lenyewe limekwisha anguka."

"Jana kanila kete tano."

Baadhi ya watu wakacheka. Bi Kazija hakuwatazama. "Na ada yangu?" akauliza. "Nimelipa kila mwezi. Njia hakuna, nyinyi mlikuwa mnapokea ya nini?"

"Tulipokea kwa shukrani, mama," akasema Bwana Ghalib. Alimaanisha kabisa, na hilo ndilo lililomtia Vuai baridi.

Waliteremka mlima. Ukungu ulikuwa umeshuka pamoja nao, na kila walipopita watu walikuwa wamekaa wakingoja, migongo kwa migongo, utulivu mtupu, nyuki wakivuma. Vuai alimwonea huruma mwenyeji wake. Alitaka kusema pengine karani amekosea, akaona ni uongo wa kitoto. Bi Kazija alifika kwake, akaweka nusu bao ukumbini, akaipangusa kwa upindo wa kanga, akakaa mbele yake kama kawaida. Kando ya jua lisilochwa, mwezi mwandamo ukajitokeza, mwembamba kabisa.

Tarishi akaja. Jina lake Ngwali, mtu wa makamo, mguu mmoja unamsumbua kidogo. Mkoba wake ulikuwa mzito kuliko siku nyingine, na mkononi alishika kifagio kidogo cha njukuti. Kwa desturi tarishi hasalimii wala hasalimiwi, hupokea tu. Safari hii alisimama chini ya ngazi, akatazama kifagio chake.

"Nimetumwa kufagia, mama," alisema.

"Ngwali, unazipeleka wapi kete zangu?"

Ngwali akakigeuza kifagio mkononi.

"Bonde la Pili hakuna njia. Nimeambiwa leo mbele ya watu, nikachekwa. Miaka yote hii unazipeleka wapi?"

Ngwali alivua kofia yake ya buluu. Vuai akatamani kuondoka.

"Napita ile kona ya juu, penye jiwe kubwa," alisema Ngwali. "Nyuma ya jiwe nimechimba vishimo. Nakaa pale, nafikiri, nacheza, narudi. Karakana hawana habari, wao wanagonga muhuri tu. Yule wa Bonde la Pili aliacha kulipa, mama. Ilikuwa siku ileile ya msiba wako. Nilipewa kibao cheusi nikuletee, cha kusema mwenzio hayupo tena. Nikafika hapa mlangoni. Ulikuwa umekwisha panga kete. Nikashindwa."

"Ulikuwa wewe."

"Ndiyo."

"Uliyeiacha nyumba yangu."

"Ulikuwa huli. Niliona ulivyokonda."

Bi Kazija akaghadhibika. Vuai hajasahau ghadhabu ile, kwa sababu ilitoka kwa mtu aliyekuwa akisema polepole siku zote. Alimwita Ngwali mwongo, alimwita mwizi. Alisema amefanywa kinyago, alisema amezungumza na mtu wa mbali miaka yote kumbe mtu mwenyewe yuko mlangoni anamtazama usoni, anamwona akishindwa, anamwona akifurahi kijinga kwa kete mbili. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Ngwali alisimama akapokea yote, kofia mkononi, na maneno yalipomwishia yule mama pakabaki mvumo wa nyuki wa majirani.

"Na asali yangu?" akauliza mwishowe, kwa uchovu. "Angalau wewe umeila?"

"Sisi hatupewi asali, mama. Sijui hata ladha yake."

 Bi Kazija akatazama mizinga yake mitupu, kisha kifagio, kisha ule mkoba uliojaa.

"Mkobani mna nini?"

"Kete zako. Kete zetu. Nimezitoa kule nyuma ya jiwe nisije nikaamriwa kuzifagia nazo. Nilitaka zikae mahali."

"Basi kaa."

"Tarishi hakai, mama. Na ada yako imekwisha. Kuanzia sasa hivi mimi siruhusiwi hata kupita hapa."

"Tarishi hana haja ya kupita. Aliyekuwa akicheza na mimi ndiye ninayemwambia akae."

Ngwali alitazama juu, kule madirisha ya Karakana yalikong'aa, kisha akatazama chini. Akaiweka kofia juu ya kifagio, akaviacha vyote viwili kwenye ngazi. Hakuwa na nusu bao, matarishi hawauziwi. Kwa hiyo alimwomba Bi Kazija aishushe ya kwake uani, akapiga magoti mbele yake, akaanza kuchimba vishimo ardhini kwa kitako cha kiganja, nane, halafu nane nyingine, vikiikabili ile nusu ya mbao. Udongo ulikuwa na unyevu na vilikaa vizuri. Alipomaliza alitoa kete mkobani, akazirudisha kila moja mahali pake bila kuuliza, mchezo ukawa uleule ulioachwa jana.

Majirani walitoka milangoni. Mama mmoja alijifunika uso, akatoa jicho moja. Wale wazee waliopeana migongo nao walikuwepo, na bibi alisema kwa sauti ya juu kwamba hii ni aibu, huku anasogea ili aone vizuri. Vuai alikuwa ameuona mchezo, ameona wazi kwamba Ngwali akicheza kushoto amekwisha, na ulimi ulimwasha kama upupu. Akaung'ata.

"Zamu ya nani?" akauliza Ngwali.

"Yako," akasema Bi Kazija.

Ngwali akainama juu ya vishimo vyake vya udongo. Alikuwa na tabia ya kuvuta ncha ya sikio anapofikiri, na kuhesabu kwa midomo bila sauti, na kunyoosha mkono kisha kuurudisha. Bi Kazija hakuwahi kuyajua hayo. Alikaa akamtazama, na hakumhimiza.